Lori la Minazi ya Mama

Mama aliuza minazi yake ya Mbegani mwaka ambao mimi nilikuwa bado dereva wa shamba la mkonge upande wa Ubena. Aliiuza yote, pamoja na kibanda cha kukaushia mbata, na hakuniuliza. Nilikuja nyumbani Bagamoyo kwa ruhusa ya siku tatu, nikamkuta uani ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi aliyoinunua dukani. Nikashangaa, maana nyumbani kwetu nazi haikupata kununuliwa tangu nizaliwe.

"Minazi imekwenda wapi, mama?"

Akaendelea kukuna. "Si ulisema ungekuwa na lori lako ungeacha kufokewa na watu? Basi minazi ndiyo lori. Kalitafute."

Ni kweli nilisema. Mimi ulimi wangu ni mwepesi na hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo niliyosema nilikuwa nimetoka kutukanwa na msimamizi wa mkonge kwa sababu ya springi iliyovunjika ambayo sikuivunja mimi. Nikaja nyumbani nikamwaga maneno mbele ya sahani ya wali, nikala, nikashiba, nikasahau. Mama hakusahau. Ile minazi alipewa na baba yake siku alipoolewa, na baada ya baba yangu kufariki ndiyo iliyotulisha. Sasa kila kitu alichokuwa nacho duniani kilikuwa kinanisubiri mimi niende kukichagua kikiwa kwenye magurudumu. Lori likiwa zima, mama atakula. Likiwa bovu, hana kitu. Usiku ule sikupata usingizi, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Jambo la mali kwetu halipiti bila ya mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa mananasi, nyumba yake Bagamoyo mjini na shamba lake kule Kiwangwa, mtu wa maneno machache aliyezoea kusikilizwa. Alikasirika kwamba minazi ya baba yao imeuzwa bila yeye kuambiwa. Kuirudisha hakuweza, basi akashika jambo la lori.

"Tutakwenda Dar es Salaam pamoja," akaniambia. "Utachagua wewe, mjomba, kwa kuwa wewe ndiye dereva." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba. "Lakini tuelewane kabisa. Likifa mkononi mwako, ufunguo utakuja kwangu, na nitamtafuta mtu mwenye akili zake aliendeshe."

Mama alikuwepo, ameegemea mlango. Nikaapa mbele yao wote wawili kwamba halitakufa. Kiapo cha kijinga, maana gari ni chuma na chuma hakisikii viapo, lakini nilikwisha kuapa.

Nilitaka lori la dizeli. Malori yote niliyoendesha Ubena yalikuwa ya petroli, na niliyaona yanavyokunywa kama harusini. Dizeli wakati huo zilikuwa ndiyo kwanza zinaonekana katika barabara zetu, na watu wengi hawakuziamini. Nilikuwa nimezisikia zikipanda milima na mzigo wa tani saba bila ya kulalamika, nikazitamani. Barabara ya Kiwangwa ni mchanga mwingi, kisha unateremka bonde la Ruvu kwenye udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika tairi hauachi. Lori dhaifu pale linazikwa likiwa hai.

Duka la kwanza tulilokwenda lilikuwa karibu na bandari, lina vioo mbele na feni juu. Ndani kulikuwa na lori jekundu, refu, pua pana, taa zake kubwa kuliko sinia la pilau. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa tai. Alitupatia soda. Alimwita mjomba "mzee wangu" kila baada ya maneno matatu, na mjomba, ambaye sijapata kumwona akicheka kabla ya adhuhuri, alikuwa anacheka.

"Dhamana mwaka mzima," kijana alisema. "Kitu chochote kikivunjika ndani ya mwaka, kampuni inakupa kingine bure."

"Likifa Kiwangwa," nikamuuliza, "nani atakuja?"

"Mtalileta hapa."

"Tutalileta vipi, nalo limekufa?"

Akacheka, akaniongezea soda. Nikasema nataka kwenda msalani. Akanionyesha mlango wa nyuma, na huko nyuma ndiko nilikotaka. Uwanjani kulikuwa na malori manne mekundu ya aina ileile. Majani yalikuwa yameota kupita katikati ya magurudumu, na moja lilikuwa limepandwa na mtango mwitu hadi kwenye kitasa cha mlango. Nikamwamkia mlinzi, nikamuuliza haya yanangoja nini. Akasema spea, ziko melini. Tangu lini? Akafikiri, akasema hilo lenye mtango lililetwa kabla ya Ramadhani. Sisi wakati huo tulikuwa tumekwisha kumaliza Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani.

Nikarudi ndani nikamwambia mjomba twende. Hakuelewa kwa nini, na mbele ya yule kijana sikutaka kumweleza. Alitoka huku anageuka nyuma kulitazama lile lori jekundu.

Duka la pili lilikuwa upande wa Gerezani, na kuliita duka ni kulipamba. Ilikuwa karakana ya mabati, chini pamelowa grisi. Hapakuwa na soda. Fundi mkuu alikuwa Kalasinga wa makamo, ndevu zake amezikusanya ndani ya wavu, na tulizungumza na miguu yake kwa muda kabla hajatoka chini ya gari. Lori lenyewe lilikuwa la rangi ya jivu, pua fupi, sura mbaya hasa. Mjomba alilitazama kama mtu aliyeletewa posa ya mchumba asiyemtaka.

Nikaenda kwanza uani kwao. Hapakuota jani hata moja. Malori yaliyokuwepo yalikuwa na tope bichi kwenye matairi. Nikarudi nikamwambia fundi, nionyeshe pampu, nionyeshe chujio, nionyeshe springi ya mbele. Hakusema yako njiani. Alinyoosha kidole kwenye rafu, navyo vilikuwepo, vimefungwa katika karatasi zenye mafuta.

"Dhamana?"

"Miezi sita."

Mjomba alikohoa kwa nguvu.

"Likifa Kiwangwa, nani atakuja?"

"Mimi."

"Lini?"

"Nikipata habari leo, kesho nimetoka. Kivuko cha Ruvu kikipita, napita. Kisipopita, nangoja." Akafungua boneti, akanionyesha pampu ya dizeli. Ilikuwa imefungwa kwa waya mwembamba, na kwenye waya kuna tone la risasi lililopigwa mhuri. "Hii ukiikata, mimi na wewe hatujuani tena. Toka kwenye tangi mpaka kwenye nozeli, usifungue hata boliti moja. Hiyo kazi yangu. Wewe tia mafuta safi, endesha."

Nilimpenda kwa kuwa hakusema atakuja siku hiyo hiyo. Nikamwomba walipakie mchanga tukalipandishe mlima wa Pugu. Walilipakia hadi springi zikalala. Lilipanda polepole, kwa sauti ileile moja kutoka chini mpaka juu, na nilipofika juu nikashuka nikashika boneti kwa kiganja, haikuniunguza. Nikajua hili ndilo.

Mjomba alininyamazia mpaka tulipokuwa barabarani tumesimama peke yetu. "Unaacha mwaka mzima unachukua miezi sita," akasema. "Hesabu hiyo umefundishwa chuo gani?"

Hapo damu ikanichemka. Nikampigia kelele mjomba wangu katikati ya barabara ya Dar es Salaam, watu wakisimama kutazama. Nikamwambia ile dhamana ya mwaka ni karatasi, haina miguu, na mimi nataka dhamana inayokuja kwa miguu yake. Nikamwambia kuhusu majani na mtango. Nikamwambia na mengine ambayo mtu hamwambii kaka ya mama yake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Minazi ya mamako, kichwa chako."

Tulilileta Bagamoyo siku ya Alhamisi. Mama alitoka nje na kanga zake mpya, akalizunguka lori mara mbili huku akiligusa kwa ncha za vidole. Ubani ulifukizwa, dua ikasomwa, majirani wakala visheti. Watu walipotawanyika, akaniletea kombe. Kwa mtu asiyejua, kombe ni aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa au msafiri akanywa yale maji. Nikiwa mdogo nilikuwa mtu wa homa sana, na mama alininywesha sahani nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku hiyo mikono yangu ilikuwa na grisi, nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimevimba kichwa.

"Mama, mimi si mtoto tena," nikamwambia. "Kama ni kuomba, liombee hilo gari, ndilo lenye kazi."

Akabaki na sahani yake mkononi. Kisha akauliza, kwa upole tu, "Na hili linanywea wapi?"

Nikampigia kwa kidole mfuniko wa tangi ubavuni mwa lori. "Linanywea hapa." Nikaenda kunawa.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa nzuri, lakini sikuzionja raha. Nilikuwa roho juu kila nilipowasha. Nilisikiliza ile injini kama mtu anayesikiliza mtoto mchanga anavyopumua. Mjomba alipanda nami kila safari, kwa kisingizio cha mananasi yake, na kila lilipopiga mshindo kwenye shimo alinitazama. Ijumaa hatukusafiri. Lori lilikaa mbele ya nyumba, mimi nilikwenda msikitini, na nikirudi nilikuta ile sahani nyeupe imeinamishwa kwenye ukingo wa baraza inakauka. Mara moja nilimuuliza mama kama anaumwa. Akasema mzima, alhamdulillahi. Sikuuliza tena.

Wiki ya tano tulitoka Kiwangwa asubuhi na mananasi yaliyojaa hadi juu ya mbao, mali ya wakulima zaidi ya kumi, mjomba akiwa mmoja wao. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Tulipokuwa katikati ya bonde la Ruvu, lori likakohoa. Likakohoa tena, likatoa moshi mweupe, likavuta hatua chache kwa kujikokota, likanyamaza.

Ninaandika haya nikiwa mzee na bado ninaliona bonde lile. Nilizungusha ufunguo, injini ikazunguka, haikushika. Nikazungusha tena. Mjomba alikuwa ameketi kando yangu, anatazama mbele tu. Wapakizi wawili waliokuwa juu ya mzigo waliteremka wakasimama pembeni. Nilifungua boneti. Ule waya mwembamba ulikuwepo, na risasi yake na mhuri wake, mzima kabisa.

Basi lililopita likielekea Bagamoyo nilimpa dereva wake karatasi aipeleke posta, wapige simu ya maandishi Gerezani. Nikaandika mahali tulipo, nikaandika jina la mto, nikaandika "njoo". Tukakaa kungoja.

Siku ile yote jua liliwaka baada ya mvua, na mananasi yakaanza kunukia. Harufu hiyo ni nzuri saa ya kwanza. Ya kumi unataka kuikimbia. Nyuki walikuja. Kesho yake asubuhi maji matamu yalikuwa yanadondoka kutoka katika mbao za chini, na mjomba alikuwa anazunguka lori huku amefunga mikono nyuma. Hayo mananasi hayakuwa yake peke yake. Kila mkulima wa Kiwangwa aliyeleta mzigo alimwamini yeye, hakuniamini mimi.

Saa nne ya siku hiyo ya pili dereva mmoja wa lori la mkaa alisimama. Akaangalia, akasema ni pampu tu, yeye amezifungua nyingi, dakika chache itakuwa tayari. Mjomba akaniangalia.

"Fungua," akasema.

"Nikikata ile risasi, dhamana imekwisha."

"Dhamana iko wapi? Nionyeshe. Mimi naona nyuki."

"Atakuja."

"Jana hakuja. Leo jua limepanda. Mjomba, fungua, chakula cha watu kinaoza!"

Akachukua spana kwenye sanduku langu, akanishindilia kiganjani, akanifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake mwenyewe. Yule dereva wa mkaa alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. Nikainama juu ya injini. Nilifika hadi kuushika ule waya, na ninakiri kwamba niliupinda. Ulikuwa mwembamba, ungekatika kwa kucha. Nilikuwa nawaza: kama haji, nimemwacha mama bila ya minazi na bila ya lori, kwa sababu ya maneno ya mtu niliyemwona mara moja. Na nikikata halafu akaja, itakuwa nimevunja kwa mkono wangu kitu chenyewe nilichokinunua. Nikamrudishia mjomba spana.

"Sifungui," nikasema.

Mjomba akaitupa majanini. Yule wa mkaa akapanda lori lake, akaondoka huku anatikisa kichwa.

Fundi alifika baada ya adhuhuri. Alikuja na gari dogo la kazi, limepakwa tope mpaka kwenye vioo, na yeye mwenyewe tope mpaka magotini, kwa kuwa alilisukuma mara mbili. Sijapata kufurahi kumwona mwanadamu namna ile. Nilitaka kumkumbatia. Yeye hakunisalimu hata, alikwenda moja kwa moja akaishika risasi, akaigeuza kwa ncha ya kidole.

"Nzima," akasema. "Vizuri, dereva."

Nikamgeukia mjomba. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka aone kwamba nimeshinda. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Fundi akafungua chujio, akakinga kopo. Akatazama ndani. Akalala chini ya tangi, akalegeza boliti ya chini, akakinga kopo jingine. Alipotoka aliliweka juu ya bamba la mbele, kwenye jua, tulione sote. Dizeli ilikuwa inaelea juu. Chini yake kulikuwa na maji mengi, na maji yale yalikuwa ya manjano.

"Maji," fundi akasema. Akachovya vidole, akavisugua, akavinusa. Akavinusa tena, uso wake ukabadilika kidogo. "Maji haya yana marashi."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Chini ya harufu ya dizeli, chini ya mananasi yaliyochacha, nilikuwa nimekwisha kuinusa. Nilikuwa tena mtoto, nimelala juu ya mkeka na homa, na mkono wa mama uko nyuma ya shingo yangu, unaniinua ninywe. Niliona sahani ikikauka kwenye baraza, Ijumaa moja, Ijumaa ya pili, Ijumaa ya tatu, ya nne.

"Dhamana hailipi maji," fundi akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mimi naandika ninachokiona. Mafuta unatia wapi? Nani ametia maji?"

Mjomba alikuwa amesogea. Pua yake haikuwa nzuri, alikuwa mvutaji tumbaku wa miaka mingi, na rangi ile haikumwambia kitu. Alikuwa ananingojea mimi. Nikafikiri: nikisema, mjomba atakwenda kumwambia mama kwamba ameua minazi ya baba yake mara mbili, mara ya kwanza kwa kuuza na mara ya pili kwa sahani. Atamwambia mbele ya watu. Na mama atayaamini hayo maisha yake yote.

"Nimetia mimi," nikasema. "Niliacha pipa wazi kwenye mvua. Sikuangalia."

Fundi alinitazama usoni. Alijua kwamba ninasema uongo, maji ya mvua hayana zafarani. Akainama akaanza kazi. Alimwaga tangi, akasafisha mabomba, akabadilisha chujio, akafungua nozeli moja moja akizifuta kwa kitambaa. Mwisho akaikata ile risasi yeye mwenyewe, kwa koleo, na sauti ya waya ule kukatika niliisikia. Kipande kimoja cha pampu kilikuwa kimekwama. Alikuwa amekuja na kingine, na debe la dizeli safi. Jua lilipoanza kuinama akaniambia niwashe. Likakataa mara mbili, mara ya tatu likashika, likatoa moshi, likatulia kwenye sauti yake ya siku zote.

Akaandika karatasi yake. Pampu na nozeli hazina tena dhamana, vingine vyote vinayo mpaka miezi sita iishe. Kabla ya kupanda gari lake akaniambia pembeni, taratibu, "Mwambie asitie tena." Akaondoka.

Mjomba alinyoosha mkono, akauweka wazi mbele ya kifua changu, akangoja. Nilimpa ufunguo. Akanirudishia kwa muda tu, niliendeshe mpaka nyumbani, maana hakujua kuendesha. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizoendesha. Nusu ya mananasi tuliyamwaga bondeni.

Kesho yake alasiri mjomba alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akamwambia mama: "Mwanao ametia maji kwenye tangi. Amekiri mwenyewe mbele ya fundi. Ufunguo ninao mimi." Akaenda zake.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Maji gani uliyotia?"

"Ya mvua, mama. Pipa lilikuwa wazi."

"Ya rangi gani?"

Nilitazama chini kwenye mchele. Akasimama, akavaa buibui lake, akatoka, nami nikamfuata nyuma bila ya kujua anakwenda kufanya nini. Alipita njia kuu ya mji, mwanamke ambaye tangu awe mjane alikuwa hapiti ila vichochoroni, akafika kwa kaka yake, ambako wanaume watano walikuwa barazani wanakunywa kahawa. Akawatolea salamu, wakamjibu. Mimi nilibaki nyuma kidogo, natamani ardhi inimeze.

"Kaka," akasema. "Maji nimetia mimi. Kombe. Ijumaa nne, kwa mkono wangu. Huyu anasema uongo kwa ajili yangu."

Mjomba aliduwaa na kikombe mkononi. Wanaume wengine walitazama kahawa yao.

"Sikujua kuwa chuma hakinywi maji," mama akaendelea. Sauti yake haikushuka. "Nilikosea mimi, mwenye gari. Ukitaka kunigombeza nigombeze sasa hivi, hapa, wanasikia. Halafu nipe ufunguo wangu."

Nilidhani mjomba atapasuka. Lakini alimtazama dada yake, kisha akatia mkono mfukoni.

Tulirudi, yeye mbele na ufunguo wake mkononi, mimi nyuma. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimeinama mbele ya lori kabla ya kwenda msikitini, nikasikia kanga nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na sahani nyeupe, maji ya zafarani yamejaa. Nilisimama haraka, nikajikuta nimesimama baina yake na mfuniko wa tangi.

"Sitii huko," akasema. "Usiogope." Akaitazama sahani. "Siku ile nilitaka kukunywesha wewe. Ukakataa, ukasema umekuwa mtu mzima, nilinyweshe gari. Nikaona basi, wewe si utakuwa umo ndani yake."

Mikono yangu ilikuwa na grisi kama siku ile ya kwanza. Sikwenda kunawa. Nilichuchumaa pale pale kando ya gurudumu, akaweka kiganja nyuma ya shingo yangu, akaninywesha mpaka ikaisha.